Kopo la Maziwa na Pikapu ya Cherehani

[Gita linakoroma, linakatika, linakoroma tena.]

BESI: Wasikilizaji, msipige spika zenu makofi. Hazijapasuka. Hiyo ni sauti ya kopo la maziwa ya unga.

SOLO: Nilikuambia tuanze na salamu.

BESI: Haya, mwangaluka! Wa Mwanza mjini na wa ng'ambo ya ziwa. Mimi ni Besi, Jumapili napiga besi kwenye kwaya, siku nyingine nafungua vitu ambavyo sijui kuvifunga. Na huyu ni kaka yangu Solo.

SOLO: Fundi redio tangu enzi za kaseti. Tupo chumbani kwangu Mabatini, dirisha nimelifunga kwa sababu jirani ana mashine ya kusaga. Mkisikia mngurumo ambao si gita, ni dona.

BESI: Leo tunaongelea gita la umeme na pedali za kutengeneza nyumbani, yaani viboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita. Pedali yangu imo ndani ya kopo la maziwa. Kaka, waambie nilipokuletea lile kopo ulisema nini.

SOLO: Nilikasirika. Dada, mimi maisha yangu yote nimelipwa kuondoa mkwaruzo. Mtu analeta redio inakwaruza, naifungua, natafuta kapasita iliyovimba, nabadilisha, anaondoka anafurahi. Wewe umekuja na hela mkononi unataka nikutie mkwaruzo.

BESI: Mkwaruzo mzuri.

SOLO: Ndiyo maneno hayohayo uliyosema.

BESI: Sasa watu wajue ndani ya kopo kuna nini.

SOLO: Vitu kumi na moja. Transista mbili, rizista nne, kapasita tatu, na vifundo viwili vya kuzungusha: kimoja cha ukali, kimoja cha sauti. Ukiacha jeki, yale matundu ya kuchomekea waya, swichi ya kukanyaga na betri, hakuna kingine. Ni sakiti ya pedali inayoitwa Fuzz Face, ilianza kuuzwa London mwaka 1966. Redio ndogo ya mkononi ina vitu vingi kuliko hiyo.

BESI: Na mkoromo unatoka wapi?

SOLO: Uzi ukitikisika, gita linatoa umeme kidogo sana unaopanda na kushuka, kama maji pale kivuko cha Kamanga. Transista kazi yake kuukuza. Lakini betri ni ya volti 9. Wimbi likitaka kupanda zaidi ya pale, halina pa kwenda. Linagonga dari linakuwa bapa.

BESI: Kama mtu mrefu kwenye hiace.

SOLO: Hasa. Miguu imeingia, shingo imekunjwa. Hilo wimbi lililobanwa kichwa lina kona, na zile kona zinazaa sauti za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa. Masikio yako yanaita mkoromo.

BESI: Na mwanzo wake ulikuwa ubovu kweli. Kule Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins, ukatoka 1961. Grady Martin anapiga solo ya gita la besi, kumbe ile njia ya miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, aliyounganishwa imeharibika. Sauti ikatoka kama nyuki kwenye debe. Wakaiacha hivyohivyo. Watu wakaipenda, na mwaka 1962 kikaja kiboksi cha kukanyaga kinachotoa sauti ile kwa makusudi, Maestro Fuzz-Tone.

SOLO: Yaani fundi angekuwa mimi, dunia isingepata fazi, huo mkoromo wenu. Ningeitengeneza ile miksa asubuhi yake.

BESI: [anacheka] Eleza habari ya transista za zamani, maana hapo tulipoteza wiki mbili.

SOLO: Transista za kwanza zilikuwa za jemaniamu. Hizi za leo ni silikoni. Mimi nina bati la biskuti lenye transista nilizochomoa kwenye redio za wazee, AC128 na ndugu zake, nikasema sawa, dada apate kitu cha asili. Tukaunganisha usiku, ikaimba vizuri mno. Kesho yake saa nane mchana, jua la hapa kwetu na paa la bati, ikawa inakohoa tu.

BESI: Nikadhani ni betri. Nikanunua nyingine.

SOLO: Jemaniamu inavujisha umeme, na joto likipanda inavujisha zaidi. Sakiti uliyoiweka sawa usiku, mchana haiko sawa tena. Tukaweka silikoni, BC109 mbili. Sauti yake ni kali kidogo, haina ule ulaini, lakini haiulizi saa ngapi.

BESI: Mimi bado naipenda ile ya usiku.

SOLO: Basi upige usiku.

BESI: Haya, tuje kwenye kilichonitoa jasho. Pikapu. Na kabla hamjaanza, si ile ya kubebea mchanga. Ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi.

SOLO: Sumaku na koili, basi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unaisumbua nguvu ya sumaku, na koili iliyozunguka pale inatoa umeme. Dinamo ya baiskeli ni ukoo huohuo. Ndiyo maana gita la nyuzi za nailoni ukiliwekea pikapu hii litakaa kimya, kwani sumaku haina habari na nailoni.

BESI: Nikasema, mjini kwetu kuna mafundi wa kusuka mota kila kona, nitashindwaje? Nikaenda kwa mzee mmoja anayesuka feni na pampu. Shikamoo, marahaba, nikamwambia nataka mizunguko elfu nane ya waya wa milimita 0.063. Akanitazama. Akaniambia, "Mwanangu, huo ni waya au ni unywele?"

SOLO: Hakukosea. Unene wake ni kama unywele.

BESI: Yeye waya wake mwembamba kuliko wote ulikuwa mnene mara tatu hivi. Lakini alinipa somo ambalo sikulipata popote: waya mwembamba usiuvute, uache ujivute wenyewe, wewe uuongoze tu kwa vidole viwili vyenye kitambaa laini. Waya wenyewe niliupata kwenye koili za rilei mbovu, zile swichi zinazowashwa kwa umeme. Sumaku nikatoa kwenye vishikio vya mlango wa kabati, nguzo nikakata misumari sita, kibao nikachonga kwenye mfuniko wa ndoo.

SOLO: Na mashine?

BESI: Cherehani ya mama. Pale pembeni pana kigurudumu cha kujazia uzi kwenye bobini, mnakifahamu. Nikafunga kibao changu hapo, nikazungusha kwa mkono. Kuhesabu je? Nikafungua kikokotoo cha kawaida, nikaunganisha swichi ndogo ya sumaku kwenye kitufe cha "sawasawa". Unaandika 1 + 1, halafu kila sumaku inapopita mbele ya swichi, ni kama umebonyeza tena, inaongeza moja.

SOLO: Hilo lilinifurahisha, sitaficha.

BESI: Mizunguko 3,100, waya ukakatika. Nikaanza upya. Mara ya pili 5,400, mama akaingia kuulizia cherehani yake, nikageuka kumjibu, tap! Mara ya tatu nilisubiri aende sokoni. Nikafika 7,800. Nikapima kwa mita, ikasoma karibu kilo-omu 6. Nilipiga kigelegele peke yangu.

SOLO: Halafu tukaichomeka kwenye amplifaya.

BESI: Ikanguruma "mmmmm".

SOLO: Huo ni umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde. Koili ni antena, haichagui. Inadaka uzi, inadaka na transfoma ya jirani. Wakubwa walishapambana na hilo zamani: Seth Lover wa kampuni ya Gibson, mwaka 1955, aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja sumaku yake kaskazini juu, nyingine kusini juu, na zimeunganishwa kinyume. Ngurumo ya ukutani inaingia zote mbili sawasawa, zikikutana zinafutana. Sauti ya uzi, kwa kuwa sumaku nazo ziko kinyume, inajumlishwa.

BESI: Kwa hiyo nisuke tena elfu kadhaa nyingine?

SOLO: Elfu tano tano kila koili zinatosha. Ongea na mama.

BESI: Kwanza nilipunguza kwa njia ya maskini. Nilibandika ndani ya tundu la gita karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia samaki, nikaiunganisha na waya wa ethi, na waya mwingine nikaupeleka kwenye daraja, pale chini nyuzi zinapokalia, ili nyuzi nazo ziguse ethi. Ngurumo haikuisha, ila ilishuka mpaka kwaya inaweza kuifunika.

SOLO: Kwaya yenu inaweza kufunika meli.

BESI: Kuna ujumbe wa msikilizaji wa Nansio, anasema ana gita bovu la solo, atengeneze jipya au? Kaka, jibu.

SOLO: Asitengeneze. Magita mengi "mabovu" ninayoletewa, ugonjwa ni jeki iliyolegea au waya wa ethi uliokatika. Ukishika nyuzi ngurumo ikizidi badala ya kupungua, fuata ethi. Kifundo kikikwaruza, kisafishe. Kazi ya jioni moja, gharama yake sahani ya sato na ugali.

BESI: Na akitaka kuchonga kabisa?

SOLO: Basi bodi afanye anavyotaka, hata mlango. Shingo ndiyo itamhukumu.

BESI: [anaguna] Unataka niseme.

SOLO: Sema.

BESI: Nilichonga shingo ya mninga. Mninga ni mbao nzuri, tatizo niliununua mbichi kwa haraka zangu. Nyuzi sita za kawaida zinavuta kama kilo 45, karibu mfuko wa saruji, saa zote, hata ukilala. Masika yakaja, unyevu wa ziwa, shingo ikajisokota kama kambare kwenye ndoano. Nikampelekea fundi mitumbwi pale Kirumba anisaidie kunyoosha. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hii ungeiacha darini mwaka, halafu ndiyo uje." Nyingine sasa iko darini.

SOLO: Na uweke fimbo ya chuma ndani safari hii, ya kukaza.

BESI: Nitaweka. Sasa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, maana watu wanadhani ni siri. Pima toka nati ya juu, si ya bolti, ni kile kibao chenye mikato ya kushikia nyuzi, mpaka darajani. Langu ni milimita 648. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.37, hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki gawanya tena kwa namba ileile, na kuendelea. Freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili, 324. Isipoangukia, rudi mwanzo.

SOLO: Na alama zote zipimwe kutokea juu.

BESI: Ndiyo, si freti hadi freti. Ukikosea nusu milimita kila hatua, mpaka ya 12 umeshahama ufunguo. Nilijua hilo baada ya kukata freti tisa.

SOLO: Usivunjike moyo. Brian May wa Queen alianza kuchonga gita lake na baba yake mwaka 1963, shingo imetoka kwenye fremu ya mbao ya sehemu ya moto sebuleni, na springi ni za vali za pikipiki. Halafu gita hilohilo likapiga nyuma ya kijana aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, Freddie Mercury.

BESI: Mbao kavu ya miaka mia, bila shaka haikujisokota.

SOLO: Jambo moja la hatari kabla hatujamaliza. Pedali ya betri haiui mtu. Amplifaya ya zamani ya valvu inaua, hata ukiwa umeichomoa, kwa sababu kapasita zake zinaweza kushika mamia ya volti. Msiifungue. Na adapta: pedali nyingi zinataka hasi katikati ya plagi, vifaa vingine vingi chanya katikati. Weka dayodi moja, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, pale umeme unapoingilia, la sivyo utanusa moshi.

BESI: Nimeshaunusa.

SOLO: Ule wa Jumanne ulikuwa wewe?

BESI: Tuendelee! Kopo la maziwa limeanza kupata kutu, nataka boksi la kudumu. Nimeenda Makoroboi, kwa wale wafua bati wenyewe, nikamchorea mzee kwenye karatasi: boksi la bati, urefu kiganja, matundu matano. Mawili ya jeki, mawili ya vifundo, moja la swichi. Nikamwambia kila kiungo kizibwe kwa risasi, bati likizunguka pande zote linazuia ngurumo.

SOLO: Akaelewa?

BESI: Vizuri sana. Akapima, akataja bei, nikapunguziwa. Nikiwa naondoka akaniita, "Binti, hukuniambia. Utambi unatokea tundu lipi?"

[Gita linakoroma.]