Toleo si Lumbesa

Hili nimelisema sana, waliowahi kunisikia wanivumilie tena. Tawi la toleo, yaani nakala ya programu iliyotengwa tayari kwa kutolewa, ni gunia lililokwisha kushonwa: haliongezwi kitu kipya. Mmepita sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mkaona viazi vya lumbesa: gunia limejaa pomoni, juu likavishwa kilemba cha wavu, na bado linaitwa gunia moja. Kuli anavunjika mgongo, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Ndivyo mnavyotoa programu!

Nianze na aibu yangu. Tulikuwa na programu huria ya hesabu za vikoba. Tawi tulilitenga Jumatatu, Ijumaa tunatoa. Alhamisi usiku kijana wetu mmoja, hodari kweli, akaleta kitufe cha kubadili mpangilio wa tarehe. "Kadogo tu, mzee." Mshika sindano, yaani mwamuzi wa kinachoingia tawini, nilikuwa mimi, na nilikuwa nasinzia. Nikapitisha. Jumamosi saa moja asubuhi simu inalia, mama mweka hazina wa Uyole: "Baba, mashine yako inasema nadaiwa tangu tarehe 1 Januari 1970. Mwaka huo mimi sijazaliwa!" Mnacheka. Tarehe ilipokosekana programu iliweka sifuri, na kompyuta nyingi huanza kuhesabu siku hiyo. Kisha ikampigia mama wa watu faini ya kila mwezi, tangu hapo mpaka leo. Sikwenda Uyole mwezi mzima.

Kuna anayenong'ona huko nyuma: sisi wachache, tunajitolea, ratiba ya nini? Haya, kiini cha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kinaandikwa na maelfu, wengi wao hawajawahi kuonana. Linus Torvalds, aliyekianzisha, anapokea vitu vipya wiki mbili, anashona. Baada ya hapo ni toleo la majaribio kila wiki, mara nyingi saba au nane, marekebisho tu. Chako kimechelewa? Subiri awamu ijayo, wiki tisa au kumi. Msimbo si nyanya, hauozi.

Kasoro ikionekana tawini, itibu kwanza kwenye shina, yaani nakala kuu ya programu, ndipo unakili tiba hiyo tawini. Ukianzia tawini utasahau, na toleo lijalo litazaliwa na ugonjwa uleule. Hapa nilikuwa na mengi, ila mwenyekiti anaangalia saa. Namba za matoleo tuziache. Watafsiri wapeni maneno yaliyotulia, msiwabadilishie usiku wa mwisho. Na mshika sindano awe mmoja, aliyelala vya kutosha.