Mbao Si Gari

(Mazungumzo na vijana wa useremala na usafi wa majumba, Mafinga)

Kamwene!

Asanteni. Kihehe changu kinaishia hapo. Mimi ni mtu wa Mbeya, kwetu ni "ugonile", kwa hiyo tukutane kwenye Kiswahili. Mwenyekiti amenitambulisha kwa jina la Mama Presha. Ni kweli wateja wananiita hivyo, ila jina lenyewe linanichekesha, kwa sababu karibu yote niliyokuja nayo leo ni ya kuwaomba mpunguze presha.

Nilianza na kuosha magari kwa mashine ya presha, ile inayorusha maji kwa nguvu, kama wengi wenu mliokaa huku nyuma. Gari ni rahisi. Uchafu umekaa juu ya rangi, maji yanausukuma, uchafu unaondoka, rangi inabaki. Siku moja mteja wa gari akaniambia, "Dada, nina deki nyumbani, njoo uisafishe na mashine yako." Mimi deki niliyoijua ni ya kupiga kwa tambara na ndoo. (Kicheko.) Kumbe alimaanisha baraza ya mbao, ile sakafu ya mbao iliyotoka nje ya nyumba, mtu anakaa jioni akiangalia mlima. Nyumba ilikuwa Uzunguni, na alitaka baraza iwe mpya kwa ajili ya harusi ya binti yake.

Nikapakia mashine kwenye kirikuu, nikaenda, nikafungulia yote. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Ule ujivu unatoka, mbao inatokea ya njano kabisa, mwenye nyumba anapiga makofi. Akanilipa saa hiyo hiyo. Siku mbili baadaye mbao zikakauka, akanipigia simu. Sakafu nzima ilikuwa imeota manyoya kama blanketi. Na kila mahali nilipopitisha maji palikuwa na mchirizi, ukisimama kwa pembeni unauona kama njia ya konokono. Nikarudisha pesa, nikanunua msasa kwa pesa yangu, nikakaa pale siku nne nimepiga magoti. Harusi ilifanyika, lakini wageni waliambiwa wasivue viatu.

Sasa kwa nini? Chukua kipande cha paini. Nyinyi paini mnaijua kuliko mimi, msitu wa Sao Hill upo hapo mlangoni kwenu. Tazama mistari yake: kuna mstari mpana mweupe na mstari mwembamba wa kahawia. Mweupe ni laini, mti uliukuza haraka wakati maji yalikuwa mengi. Wa kahawia ni mgumu. Ukipiga maji makali, yanakula ule laini na kuacha ule mgumu umesimama kama matuta ya viazi. Usawa wa ubao hauwezi kurudi kwa kuosha tena. Unarudi kwa msasa au randa tu, yaani unapunguza mbao ya mtu.

Na ule ujivu wenyewe wengi wanadhani ni vumbi. Ni mbao iliyochomwa na jua. Nyuzi za mbao zimeshikwa na gundi ya asili inayoitwa lignini, na mionzi ya urujuanimno inaivunja gundi hiyo. Mvua ikija inaisomba, zinabaki nyuzi tupu, na hizo ndizo za kijivu. Huku kwetu baridi inatudanganya. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na nyinyi mko juu zaidi. Hewa ni nyembamba, kwa hiyo jua linatupiga kwa ukali kuliko mtu wa Dar es Salaam, hata kama tumevaa makoti.

Kwa hiyo kazi inafanywa na dawa, muda na brashi. Maji yanakuja mwisho, kusuuza. Paini haitaki zaidi ya bar 35 hadi 40, bar ndicho kipimo cha presha. Mninga au mvule unaweza kupanda kidogo, lakini usizidi 80. Pevingi ndiyo inayovumilia 150 na kuendelea, hapo jimwage. Kama mashine yako haina pa kupunguzia, badilisha nozeli, kile kichwa kinachotoa maji. Nyekundu inatoa maji kama sindano. Mimi yangu nimeitupa. Njano inatawanya maji kwa pembe ya nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40. Kwenye mbao tumia nyeupe, simama sentimita 30 hivi, fuata urefu wa ubao, usisimamishe mkono. Anza kwenye kona ambayo hakuna mtu anayeiangalia.

Nikae kidogo kwenye dawa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu nyumba na mapafu. Jiki inaua ukungu, sawa, na inafanya mbao ionekane nyeupe haraka. Lakini nayo inakula lignini, ile ile gundi ambayo jua limeshaila. Ninayoitumia mimi ni ya unga, sodiamu pakaboneti. Ukisoma pakiti za baadhi ya sabuni za kutoa madoa kwenye nguo utaikuta. Ikikutana na maji ya uvuguvugu inatoa povu na kuanza kufanya kazi, na baada ya saa chache nguvu imekwisha, kwa hiyo koroga ya kutosha siku hiyo tu. Paka, acha robo saa au zaidi bila kukauka, sugua kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya hapana: inaacha vipande vya chuma ndani ya mbao, mvua ya kwanza unaona madoa meusi. Baada ya kusuuza mbao huwa imefifia na kuwa nyeusi kidogo. Hapo inapita asidi ya oksaliki, iliyochanganywa hafifu, inarudisha rangi na kuondoa madoa ya misumari. Ni sumu, vaa glavu na miwani, suuza sana. Maua ya mama mwenye nyumba yamwagie maji kabla na baada. Na tafadhali, jiki na asidi visikutane kwenye ndoo moja. Gesi inayotoka hapo ni klorini.

Kuna jambo linawahusu nyinyi zaidi. Mbao za dawa, zile za kijanikijani. Dawa iliyozoeleka kwenye nguzo na mbao za namna hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Kuiosha kwa upole ni sawa. Kuipiga msasa bila barakoa nzuri ni kuvuta aseniki, na vipande vilivyokatwa visiende jikoni kwa mama kupikia. Nimeona hilo kwa macho yangu, jiko linawaka vizuri, watoto wamelizunguka wanaota moto.

Halafu mapaa. Mteja ataomba, "ukimaliza baraza, nipigie na bati." Bati sawa. Nyumba za zamani zenye paa la asbestosi, lile la saruji lenye nyuzi za sumu ndani, kataa. Maji makali yanazipasua zile nyuzi na kuzitawanya uwanja mzima.

Pesa. Najua mmekuja kwa ajili ya hii. (Kicheko.) Mtu wa magari anataja bei kwa kuangalia: dogo hii, kubwa hii. Kwenye nyumba toa futi kamba. Baraza ya mita 5 kwa 6 ni mita za mraba 30, na bei yako iwe ya mita moja ya mraba, moja ya kuosha, nyingine ya kuosha pamoja na kupaka mafuta ya mbao. Ngazi na kingo hesabu peke yake, kwa sababu zinakula muda kuliko sakafu yote. Nilichelewa sana kulijua hilo. Nilikuwa naziweka kama nyongeza.

Na maji. Mashine ya lita 9 kwa dakika, ukiiendesha saa nne, ni lita 2,160. Umelimaliza simtenki la mtu la lita 2,000, na jioni hana maji ya kuoga. Ulizia mapema maji yanatoka siku gani, na mwandikiane nani analipa. Mimi naenda na pipa langu, mashine inavuta humo, kwa sababu bomba la mtaani likipungua nguvu pampu inakunywa hewa na kuungua.

Kalenda yetu ya huku ina mtego. Mvua zinaanza Novemba, zinakwenda hadi Aprili, Mei. Ukungu unastawi, watu wanateleza, simu zinalia. Desemba ndiyo balaa: ndugu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, kila mtu anataka nyumba ing'ae. Lakini mafuta hayaingii kwenye mbao mbichi. Unyevu uwe chini ya asilimia 15 au hivyo. Kama huna kipimo, dondosha tone la maji, likinywewa haraka mbao iko tayari, likikaa juu kama shanga bado. Sasa Desemba utaikausha wapi? Niliwahi kupaka kwa kulazimishwa, mafuta yakabaki yananata mpaka mwaka mpya, kiti kikagandia na mzee akiwa juu yake. Tangu hapo Agosti ndiyo naanza kupiga simu: "Mama, baraza yako Krismasi itakuwaje?" Septemba, Oktoba napaka. Masika naosha pevingi na kuta. Juni na Julai umande ni mzito, usiguse mafuta kabla ya saa nne asubuhi.

Na nasema mafuta, si vanishi. Vanishi inakaa juu kama ngozi. Jua linaipasua, maji yanaingia chini, inabanduka magamba, na kazi ya kuikwangua hakuna mteja atakayekulipa inavyostahili. Mafuta yanaingia ndani, yakichoka unaosha kidogo na kupaka tena, bila kukwangua. Sakafu inayopigwa na jua inataka mafuta kila mwaka au miwili. Hapo ndipo riziki ilipo. Kazi ya kwanza inakutoa jasho, ya pili inachukua nusu ya muda. Daftari langu lina tarehe ya kila baraza, na ninakumbuka zaidi baraza kuliko sura za wenyewe.

Matambara uliyopakia mafuta ya mbegu za kitani yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye maji. Ukiyakunja ukayatupa kwenye boksi yanajipasha joto yenyewe na kuwaka.

Haya, maswali.

(Swali: mashine yangu ya petroli ilikuwa na nguvu Morogoro, huku imelegea. Niliuziwa mbovu?)

Hapana, mwanangu. Injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni kidogo. Ongezea na kabureta haijarekebishwa. Usiongeze moto, na kwenye mbao hukuhitaji nguvu hiyo.

(Swali: maji yakikupiga mkononi?)

Ukiona katundu kadogo, usiseme ni mchubuko. Maji yameingia chini ya ngozi na uchafu wake. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari ni mashine ya presha, asije akakufunga plasta.

(Swali: Makete kule pampu yangu imepasuka Julai na sikuiangusha.)

Uliiacha nje na maji ndani. Yaliganda usiku, yakapanuka, yakaipasua. Ukimaliza kazi chomoa mpira, vuta kifyatulio mpaka yaishe, kisha ilale ndani. Mume wangu alilalamika kulala na mashine chumbani, akazoea.

Mengine hayasemeki kwa mdomo. Nje nimeweka mbao tatu za kijivu, pipa limejaa, mashine iko tayari. Na wewe wa fulana nyekundu uliyesema mwanzoni "unafungulia yote tu", njoo, utaanza wewe.