Uti wa mgongo unajibu vipi ukiuchokoza tena na tena

Assalaam alaykum wazee wangu, kaka na dada zangu, ahsanteni kwa kuja na jua lote hili. Naingia moja kwa moja mana wenzetu wa mazoezi ya viungo wana wagonjwa wanawangoja.

Leo nazungumzia nuroni za mwendo, zile seli za fahamu zilizokaa upande wa mbele wa uti wa mgongo. Msuli wowote wa mkono au mguu unapata amri kupitia hizi. Sherrington, yule Mwingereza aliyepewa Nobel mwaka 1932, aliziita njia ya mwisho ya pamoja, yani ubongo ukitaka kitu, ngozi ikichomwa na mwiba, kano ikivutwa, wote watapita hapo hapo.

Sasa ukiupiga mshipa wa fahamu kwa umeme mara moja nuroni inajibu, hilo tunalijua. Ukipiga tena, na tena, jee? Wengi wetu tunachukulia jibu litakuwa lile lile, na hapo ndo tunapotupa habari muhimu ya mgonjwa, mana jibu la nuroni linategemea sana sekunde chache zilizotangulia.

Tuchukue mtu mzima wa afya, kalala kifudifudi. Elektrodi moja, yani kibandiko cha kupitishia umeme, nyuma ya goti ulipopita mshipa wa tibia, nyengine kwenye shavu la mguu juu ya msuli wa soleasi. Umeme unauongeza kidogo kidogo mpaka skrini ikuoneshe vilima viwili. Cha kwanza kinakuja baada ya milisekunde kama 5, hilo wimbi M, umeme umeteremka moja kwa moja mpaka kwenye msuli. Cha pili kinakuja kwenye milisekunde 30 hivi, hilo wimbi H, herufi ya Paul Hoffmann wa Ujerumani aliyelieleza mwaka 1910, na hili limesafiri kwanza, limepanda na nyuzi za hisia mpaka uti wa mgongo, likaiamsha nuroni ya mwendo, alafu ndo likashuka.

Piga kila baada ya sekunde 10, H inabaki pale pale. Haya piga kila sekunde moja. Pigo la pili tu H imeshaporomoka! Na inakaa chini muda wote unaoendelea kupiga. Lakini itizameni M, haijatikisika hata kidogo, kwaiyo msuli haujachoka wala umeme wetu haujapungua. Na nuroni yenyewe nayo nzima, mana ukiiamsha kwa njia nyengine inaitika vizuri tu. Kilichopungua ni ile glutameti, kemikali ya kupeleka habari kwa nuroni, inayomwagwa na ncha ya uzi wa hisia, ni kama kisima chenye maji machache, ukichota ukangoja kinajaa, ukichota mfululizo ndoo inatoka nusu.

Mie jambo linalonistaajabisha zaidi ni kuwa ukienda kasi sana mambo yanageuka. Mtafiti David Lloyd mwaka 1949 alichapisha majaribio ya paka, mshipa unapigwa mamia ya mara kwa sekunde kwa sekunde kadhaa, alafu unaachwa, alafu unapigwa pigo moja la kupima, na refleksi, yani lile jibu linalopitia uti wa mgongo kama H yetu, ikatoka kubwa kuliko mwanzo na ikabaki kubwa kwa dakika kadhaa. Kalsiamu imebaki imejaa kwenye ncha ya uzi, kwaiyo kila pigo linamwaga zaidi. Mshipa ule ule, seli zile zile, kasi tu imebadilika.

Sasa tuje nyumbani. Pemba msimu wa karafuu ukifika kuna watu wanaanguka juu ya mikarafuu, uti wa mgongo unaumia, na wiki za mwanzo miguu inakuwa imelegea kabisa. Baada ya miezi, shuka ikigusa unyayo tu miguu inaruka na kukakamaa, na jamaa wanashukuru wakidhani anakaribia kutembea. Tuwaeleze kwa upole lakini tuwaeleze. Serotonini, kemikali nyengine ya fahamu, iliyokuwa ikishuka kutoka chini ya ubongo imekatika, na vipokezi vyake kwenye nuroni vimeanza kufanya kazi vyenyewe bila ya serotonini, kwaiyo mguso mdogo unaifanya nuroni ifyatue na iendelee kufyatua hata mguso ukishaondoka. Na kule kushuka kwa H tulikokuona kwa mtu mzima wa afya, kwa mgonjwa huyu kunakuwa kudogo sana. Pigo la kumi linakaribia kulingana na la kwanza.

Hicho ni kitu unachoweza kukipima, na kinaweza kubadilika. Panya waliokatwa uti wa mgongo wakazungushwa miguu kama kwenye baiskeli, kule kushuka kwa H kulirudi kwa kiasi. Ndo mana naomba sana tusiandike kwenye faili la spitali "refleksi kali" tukaishia hapo, tuandike na tulipiga kila baada ya sekunde ngapi, la sivyo kipimo cha leo na cha mwezi ujao havilinganishiki.

Haya mashine iko tayari. Anaejitolea avue kiatu alale hapa, na tafadhali asiukaze mguu, mana msuli ukikazwa H haishuki vile na tutakuwa tunapima kitu chengine.