Nguva Ana Pwani Yake

Asalaam aleikum. Wengine mmekwisha kunisikia nikilisema hili, kwamba hadithi ya nguva ina pwani yake, nayo ni hii yetu, na nitalisema tena mpaka lisikike.

Juma lililopita niliwapa watoto wa gredi ya nne karatasi na penseli za rangi, nikawaambia wanichoree nguva anayegeuka mtu. Hapa hapa Amu, kisiwani Lamu, dirisha la darasa likitazama bahari. Karibu wote walinichorea mwanamke wa nywele nyekundu, amekaa juu ya jabali jeusi, nyuma yake jumba la minara iliyochongoka. Nikamwita binti mmoja, mtoto wa mvuvi.

"Mwanangu, jabali hili liko wapi?"

Kimya.

"Huyu nguva wako anakula nini?"

"Samaki."

"Na akitaka kuwa mtu, anapandia wapi?"

Akafikiri, akasema: "Gatini."

Gatini! Baina ya mashua za abiria na punda waliobeba mawe! Sikumkemea. Ningemkemea vipi, na sisi wazee wake hatukumwonyesha nguva anatokea wapi?

Siku ya bamvua nikawachukua yeye na wenzake, kwa idhini ya wazazi, tukavuka hadi kisiwa cha Manda. Tukakaa ukingoni mwa mikoko, tukangoja maji yapwe. Palipokuwa na bahari asubuhi pakawa tope, kisha fungu la mchanga, na nyasi za bahari zikalala chini kama nywele zilizochanwa. Nikawaambia: semeni "pwani." Wakasema. Lisikieni neno lenyewe: ni pale panapopwa. Kwa saa sita ni pa samaki, kwa saa sita ni pa watu. Kiumbe wa kugeuka atageukia wapi, kama si hapo? Bibi yangu alisema nguva huja na maji yakijaa, na yakimwacha mchangani husimama kwa miguu. Yakirudi, naye hurudi. Saa ya hadithi ile ilikuwa ni maji. Huwezi kuisimulia kama hujui mwezi wa leo una siku ngapi.

Najua kuna anayetaka kuniambia: mwalimu, nguva ni mnyama tu. Ndiyo, ni mnyama, na ndiye aliyeizaa hadithi! Hali samaki, hula nyasi zile zile. Hupumua hewa kama wewe, kwa hiyo kila baada ya dakika chache huibuka. Jike ana chuchu mbili karibu na kwapa, na humnyonyesha mwanawe majini. Mvuvi akimwona wakati wa magharibi, kwa mbali, akasema ameona mama na mtoto, amekosea nini? Baharia Columbus aliandika mwaka 1493 kuwa ameona nguva watatu karibu na kisiwa cha Hispaniola, huko Karibi, na kwamba si wazuri kama wanavyochorwa. Hata yeye michoro ilikuwa imemtangulia.

Wenzetu wa visiwa vya Orkney, Uskoti, wana sili, mnyama wa baharini. Katika hadithi yao sili hupanda jabalini, huvua ngozi, huwa mwanamke. Mvuvi huificha ngozi, na mke hakai ila kwa sababu hana cha kurudia. Hadithi nzuri sana, na jabali ni lao, na baridi ni yao. Mimi sisemi watoto wasiisome. Nasema waijue kuwa ni ya wageni, na wawe na yao ya kuwapa wageni hao.

Naonyeshwa saa. Basi kwa haraka: jarife, ule wavu mkubwa wa kutega. Nguva akinaswa chini asiweze kuibuka, hufa kwa kukosa pumzi. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mmoja, na hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Hifadhi ya bahari ya Kiunga, katika kaunti yetu ya Lamu, ipo tangu 1979, na bado nguva wa Afrika Mashariki wako ukingoni mwa kutoweka. Nilitaka pia kusema juu ya uchimbaji wa bandari na matope yanayofunika nyasi, lakini hilo lina siku yake.

Wazee wa Faza, wa Kizingitini, wa Ndau, mliomwona nguva kwa macho yenu, tafadhalini msitoke. Yule binti yuko pale nyuma na karatasi mpya. Anataka mumwambie mkia wake ukoje.