Mamluki: watumwa waliokalia kiti cha Misri

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nianze na mpira. Shule ikifungwa kwenye mashindano, malalamiko ni yale yale: "Wenzetu wamechezesha mamluki." Yaani lile jitu lenye ndevu kwenye namba tisa si mwanafunzi wa pale, limeletwa kwa nauli na sahani ya wali. Chama cha siasa kikipasuka, mamluki hawakosekani. Kwetu neno hilo ni tusi. Leo nawaletea watu ambao kwao lilikuwa heshima, wakatawala Misri na Sham, yaani Syria na jirani zake, miaka 267, tangu 1250 hadi 1517.

Kwa Kiarabu mamluk ni aliyemilikiwa. Neno hilo limezaliwa tumbo moja na miliki yetu, na milki, na hata malkia. Huyo malkia msimsahau, nitamrudia.

Mwanzilishi wa mambo ni Sultani al-Salih Ayyub, wa ukoo wa Salahuddin. Mwaka 1239, kabla hajaipata Misri, askari wake walimkimbia, na jamaa yake mwenyewe akamtia kizuizini. Waliobaki naye ni watumwa wake wachache. Basi alipokalia kiti cha Kairo alifanya hesabu ambayo yeyote aliyegombana na ndugu juu ya mirathi ataielewa: akaacha kutegemea damu, akanunua vijana. Wengi walikuwa Waturuki wa Kipchak kutoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, waliosambaratishwa na vita vya Wamongolia. Akawajengea kambi kwenye kisiwa cha Rawda, katikati ya Nile. Wamisri huuita mto wao bahr, ndiyo maana vijana hao wakaitwa Bahri.

Sasa msifikirie utumwa wa mashamba ya karafuu. Mtoto huyu alifundishwa kwanza Kurani na kuandika. Akibaleghe, anapewa mkuki, upinde na farasi. Akihitimu, anaachwa huru, na kutoka hapo ngazi iko wazi mbele yake: amiri, gavana, sultani. Bwana aliyemnunua humwita ustadh. Ndiyo, ustadh huyu huyu wetu.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtoto wa mamluki hakuwa mamluki. Amezaliwa Mwislamu, amezaliwa huru, kwa hiyo kambini hana nafasi. Waliitwa awlad al-nas, watoto wa watu. Baba kapanda kwa kuwa aliuzwa. Mwana kakwama kwa kuwa ni muungwana! Utawala ulijilisha kwa kununua wageni wapya kila kizazi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyeishi Kairo na kuwa kadhi chini ya Sultani Barquq, aliona kuja kwa hawa wageni ni rehema ya Mungu kwa Waislamu.

Turudi kwa malkia. Novemba 1249 al-Salih Ayyub anafia kambini Mansura, na Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa keshaiteka bandari ya Dimyat, anakuja. Mke wa sultani ni Shajar al-Durr, naye alikuwa mtumwa wa kununuliwa. Hakulia hadharani. Wanahistoria wanasimulia kwamba chakula kiliendelea kupelekwa hemani kama kawaida, na amri ziliendelea kutoka zikiwa na alama ya mkono wa sultani. Maiti ilikuwa imeshavushwa kwa mashua hadi Rawda. Jeshi likapigana likidhani bwana wao ni mgonjwa tu, na masika ya 1250 Louis akakamatwa.

Mwana wa marehemu, Turanshah, alifika, akaanza kuwadharau watumwa wa babake, nao wakamuua. Kisha wakamtawaza Shajar al-Durr. Jina lake likasomwa katika hotuba ya Ijumaa, sarafu zikapigwa zikimtaja kuwa mama wa Khalil, mtoto aliyekuwa ameshakufa. Inasemekana khalifa wa Baghdad aliandika: kama wanaume wamewaishia, tuambieni tuwaletee. Siku 80 hivi zikamtosha. Akaolewa na amiri Aybak, akamwachia kiti. Mwaka 1257 Aybak alipotaka mke mwingine, bibi akaamuru auawe hamamuni. Na yeye, inasimuliwa, akapigwa na vijakazi kwa mitalawanda mpaka akafa. Mitalawanda, jamani, ile ya mbao!

Ya Wamongolia mnayajua, nitapita haraka. Baghdad iliangukia mikononi mwao 1258, na Septemba 1260, mwezi wa Ramadhani, Sultani Qutuz, naye mamluki, akawashinda huko Ain Jalut, Palestina. Akiwa njiani kurudi kwenye shangwe, amiri wake Baybars na wenzake wakamuua. Inasimuliwa kwamba amiri mkubwa aliuliza tu, nani kamuua? Baybars akajibu, mimi. Basi kaa wewe kitini, akaambiwa.

Lakini damu ni damu. Qalawun, aliyeitwa al-Alfi kwa kuwa alinunuliwa dinari 1,000, alirithisha, na ukoo wake ukashika kiti karibu miaka 100. Mwanawe al-Nasir Muhammad alitawala mara tatu. Alipofariki 1341, ndani ya miaka 20 wanawe wanane walipokezana, mmoja wao bado mtoto mdogo, maamiri wakiwainua na kuwashusha. Baada ya Barquq kushika hatamu 1382, ikawa desturi: sultani akifa, mwanawe anawekwa kitini kwa muda, kama mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni, mpaka maamiri wakubaliane nani mwenye nguvu. Hata Qaytbay, aliyetawala tangu 1468 hadi 1496, mwanawe aliuawa 1498.

Mwisho wao unapita karibu na pwani yetu. Almeida, Mreno aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, alikuwa na mwana, Lourenço. Merikebu za Sultani al-Ghawri pamoja na za Gujarat zilimuua huko Chaul, pwani ya India, mwaka 1508. Mwaka uliofuata baba akazivunja huko Diu. Mamluki walikuwa watu wa farasi, na bunduki waliiona silaha ya mtu asiye na murua. Waothmani, watawala wa Uturuki, walikuja na askari wao wa Yanisari, nao watumwa wa sultani, ila wenye bunduki mkononi. Agosti 1516 al-Ghawri akafia vitani nao huko Marj Dabiq, Sham.

Mrithi wake, Tumanbay, alinyongwa Aprili 1517 kwenye lango la Zuwayla, Kairo. Aliyetuandikia habari hizo ni Ibn Iyas, ambaye mwenyewe alikuwa wa watoto wa watu. Anasema Tumanbay aliwaomba waliokusanyika wamsomee Fatiha mara tatu, wakasoma pamoja naye, na kamba ikakatika mara mbili kabla haijamshika.