Saa Nane ya Nani?

ZUWENA: Asalam alaykum wasikilizaji, mpo na Zuwena hapa Malindi, Unguja, pamoja na Kombo, Mpemba wa Wete, ambae leo kaja kachelewa na mada yetu ni saa. Haya jitetee.

KOMBO: Robo saa tu hiyo bwana, kwa hapa huko ndo kuwahi.

ZUWENA: (anacheka) Sikiza yaliyotukuta nyumbani. Mtoto wa dada yangu kazaliwa London, Kiswahili anakisema lakini cha kuungaunga. Bibi yake kamwambia Jumapili saa nane tutaonana kwa vidio, basi bibi toka saa saba na nusu keshavaa, kajifukiza udi, kakaa mbele ya simu, saa nane kimya, alasiri ikaadhiniwa kimya, mpaka saa tano usiku watu tushalala ndo simu inaita. Ati "bibi si ulisema saa nane".

KOMBO: Kachukua saa nane ya Kizungu!

ZUWENA: Ya usiku, ya kwao. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa mbili, ongeza masaa matatu mana ilikuwa Januari, ikaja saa tano.

KOMBO: Ingekuwa Julai angepiga saa nne. Wale Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Sie huku karibu na ikweta jua halibadiliki kiasi hicho, tungesogeza ili iweje?

ZUWENA: Huyu jamani simu yake imejaa saa za miji ambayo hana hata jirani aliyefika.

KOMBO: Ndo raha yangu. Muscat wapo mbele saa moja, hiyo kila mwenye jamaa kule anaijua. India wao wametuzidi masaa mawili na nusu, sawa, lakini Nepal ni masaa mawili na dakika 45! Yaani saa zao na za India zimeachana robo saa tu.

ZUWENA: Sasa nani aliekaa akaikata dunia hivi?

KOMBO: Kwanza jua lenyewe. Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, kwaiyo kila digrii 15 ni saa moja. Alafu mwaka 1884 wakubwa wakakutana Washington, wakakubaliana mstari wa kuanzia hesabu upite Greenwich, palepale London. Wafaransa wakanuna, wakabaki na saa ya Paris mpaka 1911.

ZUWENA: Na sie tupo masaa matatu mbele ya hiyo Greenwich.

KOMBO: Matatu kwa makubaliano, lakini mie nilipiga hesabu. Mji wa Unguja upo digrii 39 na kidogo mashariki ya Greenwich, kila digrii dakika 4, inakuja kama masaa mawili na dakika 37. Saa zetu zinakwenda mbele ya jua dakika 23 hivi kwa wastani, ndo mana adhuhuri huisikii ikiadhiniwa saa sita kamili. Na Pemba ipo mashariki zaidi, jua linafika utosini kwetu kama dakika mbili kabla yenu.

ZUWENA: Na bado umechelewa.

KOMBO: (anacheka) Niache. Lakini China ndo hatari. Nchi pana vile, tangu 1949 saa rasmi ni moja tu, ya Beijing. Kule Kashgar, magharibi kabisa, majira ya baridi jua linachomoza kama saa nne asubuhi, wenyeji wengi wana saa yao ya mtaani, nyuma masaa mawili.

ZUWENA: Kama sie na saa zetu! Ukiniambia saa moja asubuhi naelewa, jua limetoka, nimeanza kuhesabu. Saba asubuhi, saba ya kitu gani? Hata Waethiopia wanahesabu kama sie.

KOMBO: Sasa wewe na Ijumaa zako, hii utaipenda. Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mwaka 2011, walitaka kuwa siku moja na Australia na New Zealand kwa ajili ya biashara, mana wao wakiwa Ijumaa wenzao washafika Jumamosi wamefunga. Wakaruka mstari wa tarehe, ule ukiuvuka siku inabadilika. Watu wamelala Alkhamisi tarehe 29 Disemba, wameamka Jumamosi tarehe 31.

ZUWENA: Ijumaa imekwenda wapi?

KOMBO: Haikuwepo.

ZUWENA: Na aliyekuwa anasali kule, Ijumaa yake?

KOMBO: Hilo kamuulize shekhe, mie nna saa tu.

(Adhana inasikika.)

ZUWENA: Magharibi hiyo. Leo tumeanza kurikodi Alkhamisi, na sasa ndo usiku wa Ijumaa ushaingia.

KOMBO: Kwa simu yangu bado Alkhamisi, mpaka saa sita usiku.

ZUWENA: Simu yako ya Kizungu. Twende tukasali, nikirudi nimpigie yule kijana, huko kwao sasa hivi saa ngapi?

KOMBO: Yetu au yao?