Watu Wasiotazamwa: Uzi Unaoiunganisha Misimu ya True Detective

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Wengi wenu mnaujua msimamo wangu kuhusu True Detective, tamthilia ya Marekani ya upelelezi ambayo kila msimu una kesi na wahusika wapya: kwamba uzi unaoiunganisha misimu yake ni watu wa kazi za chini ambao hakuna anayewatazama. Mnaujua kwa kuwa nimeueleza katika kumbi nyingi, nami nitaendelea kuueleza maadamu watazamaji wanaendelea kuutafuta uzi wa tamthilia hii mahali usipokuwapo. Nachukulia kwamba mmeitazama misimu yote minne. Ambaye hajaitazama atanisamehe, maana nitawataja wauaji kwa majina.

Tangu msimu wa kwanza ulipoonyeshwa na kituo cha televisheni cha HBO mwaka 2014, mjadala umezunguka mambo yale yale: alama inayojiviringa kama gamba la konokono, jina la Mfalme wa Njano, na mahali paitwapo Carcosa. Tumeshaelezwa vya kutosha kwamba Nic Pizzolatto, mwandishi wa tamthilia hii, aliyachota majina hayo katika kitabu cha Robert W. Chambers cha mwaka 1895, na kwamba Chambers naye aliliazima jina la Carcosa kutoka kwa mwandishi aliyemtangulia, Ambrose Bierce. Ni kweli, na ni jambo zuri kulijua. Lakini Rust Cohle na Marty Hart, wapelelezi wa msimu huo huko Louisiana, hawakumpata muuaji kwa kusoma vitabu. Walimpata kwa sababu Hart, yule ambaye sote tulimwona mzito wa akili kando ya mwenzake, aliitazama tena picha ya zamani ya nyumba iliyokuwa imepakwa rangi ya kijani, akajiuliza ni nani aliyeipaka.

Naomba tukae kidogo na jambo hili, kwa kuwa ndilo moyo wa hoja yangu. Katika sehemu ya tatu, Cohle anafika kwenye shule iliyofungwa, iliyokuwa chini ya mpango wa Mchungaji Tuttle, wa ukoo wenye madaraka jimboni. Uwanjani kuna mtu mwenye ndevu ameketi juu ya mashine ya kukata nyasi. Cohle anamuuliza maswali machache, mtu yule anajibu kwa adabu, kisha Hart anamwita mwenzake kwa haraka kwa sababu jina la mshukiwa, Reggie Ledoux, limepatikana. Wanaondoka mbio. Mtu yule ni Errol Childress, muuaji wanayemtafuta, na itapita miaka 17 kabla ya Cohle kukutana naye tena. Shahidi mdogo alikuwa amesema kwamba mtu aliyemtisha alikuwa na masikio ya kijani. Wapelelezi waliyapokea maneno hayo kama ndoto ya mtoto, ilhali yalikuwa maelezo sahihi ya mpaka rangi aliyetoka kazini.

Wala haikuishia hapo. Mwishoni mwa sehemu ya saba, wapelelezi wawili wa mwaka 2012, Gilbough na Papania, wanapotea njia na kumuuliza mkata nyasi mmoja barabara ya kupita. Anawaelekeza vizuri, nao wanaondoka kabla hajamaliza kusema. Ni Childress yule yule, safari hii makovu yake yakiwa wazi usoni. Anabaki peke yake akisema kwamba ukoo wake umekaa hapo muda mrefu sana. Tazameni jinsi tukio hilo lilivyopangwa: polisi wa vizazi viwili, kila mmoja akiwa na jalada la kesi mkononi, wamesimama hatua chache kutoka kwa muuaji, na wote wamemwona mfanyakazi wa uwanjani, si mtu.

Najua mtakachoniambia, kwa maana nimeambiwa kila mara: kumficha mhalifu mbele ya macho ya mtazamaji ni mbinu ya kawaida ya hadithi za upelelezi. Ningelikubali jibu hilo kama jambo hili lingetokea mara moja tu. Basi twendeni Arkansas, kwenye msimu wa tatu wa mwaka 2019.

Huko, mtoto Will Purcell ameuawa na dada yake Julie ametoweka, mwaka 1980. Mmoja wa watu wa kwanza kushukiwa ni Brett Woodard, mwenyeji wa asili wa Marekani aliyepigana Vietnam, ambaye sasa anaishi kwa kuokota takataka na vyuma chakavu. Majirani wanamwona kila siku akipita na kigari chake, lakini hakuna anayemjua. Wanapomvamia nyumbani kwake watu wengi wanakufa, naye akiwamo, kisha lawama yote inawekwa juu ya kaburi lake kwa msaada wa begi la shule lililopandikizwa pale. Mpelelezi Wayne Hays anagundua kwamba begi hilo ni zima mno kwa kitu kilichokuwa chini ya nyumba iliyolipuka, lakini wakubwa wake wanataka kesi ifungwe. Katika Louisiana mtu wa kazi alikuwa na hatia na hakuna aliyemwona. Huku hana hatia, na anaonekana siku ile tu anapohitajika mtu wa kulaumiwa.

Na bado hamjafika kwenye jambo linalonifanya nirudie mhadhara huu. Katika sehemu ya mwisho, Hays na mwenzake Roland West, wakiwa wazee, wanafika kwenye nyumba ya watawa ambako wanaambiwa Julie alikwisha kufariki. Wanaonyeshwa kaburi. Hapo hapo wanakutana na mtunza bustani aliye na binti mdogo, wanasalimiana naye, wanaondoka. Ni Mike Ardoin, aliyempenda Julie tangu utotoni. Ndiye mumewe, na watawa wamesaidia kulibuni kaburi lile ili Julie aachwe aishi kwa amani. Mkata nyasi tena! Mara hii hamfichi maiti, anamficha mke aliye hai. Mwenye kuniambia kwamba hiyo ni sadfa anieleze kwa nini tukio limepangwa vile vile: wapelelezi wawili, mtu wa bustani, salamu fupi, na migongo inayogeuka.

Msimu huo huo una Elisa, mtengenezaji wa filamu anayemwonyesha Hays picha ya Cohle na Hart na kutaja ile alama ya konokono. Mashabiki walishangilia. Lakini Elisa amekosea: Julie hakuwa ameuzwa kwa kundi lolote la wakubwa. Wale wanaosaka mtandao mmoja wa siri kwa misimu yote wameonywa ndani ya tamthilia yenyewe, nao wamelichukua onyo hilo kuwa ushahidi.

Msimu wa pili, wa mwaka 2015, nitaupita haraka. Waliomlipizia kisasi meneja wa mji, Caspere, ni watoto wa wazazi waliouawa katika uporaji wa duka la vito mwaka 1992: mmoja ni katibu wake wa ofisini, mwingine ni mpiga picha katika upigaji wa filamu. Wote wawili tunapishana nao mapema.

Kuhusu msimu wa nne wa Issa López, ulioonyeshwa mwaka 2024, kelele zote zilikuwa juu ya fedha za ukoo wa Tuttle katika Tsalal, kituo cha utafiti huko Alaska, na juu ya mzuka wa baba yake Cohle. Mimi nawaomba mrudi kwenye sehemu ya kwanza mumtazame Blair, mfanyakazi wa kiwanda cha kaa, na vidole vyake vilivyokatika. Alama ya mkono wake ndiyo inayofungua kesi mwishoni. Wanawake waliokuwa wakisafisha kituo kile walijua wanasayansi walimuua Annie, mwanamke ambaye kifo chake kilikuwa kimebaki fumbo, na mkuu wa polisi Danvers anakiri kwamba swali halikuwa nani alimuua bali nani alijua. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuwauliza wasafishaji.

Mtauliza ukoo wa Tuttle una nafasi gani katika hoja yangu. Una nafasi kubwa. Katika msimu wa kwanza, taarifa ya kupotea kwa mtoto Marie Fontenot ilifungwa kwa maelezo kwamba iliandikwa kimakosa, na sherifu wa wakati huo alikuwa wa ukoo wa Childress. Baada ya Errol kufa, televisheni inatangaza kwamba mamlaka zimekanusha uvumi kwamba muuaji ana undugu na familia ya Seneta Tuttle. Anayekata nyasi haonekani kwa sababu hakuna anayejali kumtazama, na seneta haonekani kwa sababu kuna watu walioajiriwa kuhakikisha hilo. Nilikuwa na mengi kuhusu binti wa Hart na wanasesere wake, lakini naona muda umekwisha, na nimeona mikono imeinuka kule nyuma. Karibuni maswali.